Kitufe Kilichoijibia Pampu

Sogea hapa karibu nami, msomaji, na kama una simu mkononi iweke kando kwanza. Usiiweke mbali, maana mwishoni nitakuomba uichukue tena. Nataka kukusimulia mwaka mmoja tu wa maisha yangu. Nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, hayo tuyaruke, hayatatusaidia hapa. Mwaka wenyewe ni ule niliotoka chuo cha ufundi nikiwa na cheti cha umeme, mkoba wa bisibisi na kiburi kidogo cha msichana aliyewashinda wavulana darasani. Sikuwa na nia ya kuuandika. Lakini juzijuzi nilikwenda Kintinku kwenye msiba wa Mama Hawa, mwanamke aliyenipa chumba na chakula mwaka ule, na huko nikasikia maneno yaliyoniwasha mpaka leo hayajazimika.

Tulikuwa nyuma ya nyumba, wanawake tupu, tumezunguka masinia ya mchele. Mimi nilipewa vitunguu. Pembeni yangu walikaa akina mama waliokuja na basi asubuhi ile kutoka Unyambwa, pale nje kidogo ya Singida mjini, ambako marehemu alifanya kazi zamani. Mmoja akasema, "Marehemu alikuwa mkarimu jamani." Mwenzake, mama mnene mwenye kilemba cha bluu, akajibu bila kuinua macho kwenye mchele, "Mkarimu, ndiyo. Hata maji ya wenyewe aligawa." Wakacheka ndani ya kanga. "Nyamaza wewe, bintiye Hawa atasikia." "Asikie nini? Si mama yake ndiye aliyefukuzwa kwa Mzee Kinu kwa kuuza maji? Mungu amsamehe tu." Kisu changu kikasimama katikati ya kitunguu. Mtu yuko ndani amefunikwa shuka nyeupe, hajatolewa hata nje, na jina lake bado linatafunwa kwa jambo ambalo mimi, kwa macho yangu na mikono yangu, nilithibitisha kwamba halikutokea. Kilichomtia hatiani kilikuwa kitufe cha rangi ya kijani. Ndiyo, kitufe. Nisikilize polepole nikueleze, kwa sababu pengine na wewe unacho nyumbani kwako.

Mzee Kinu si jina alilopewa na wazazi wake. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya kinu chake cha kukamua alizeti, na mwenyewe alilipenda. Alizeti ilipomlipa akajenga nyumba kubwa Unyambwa, yenye vigae vyekundu na kisima kirefu uani, na akataka kila kitu kiwashwe kutoka kwenye kioo kimoja ukutani. Kazi hiyo aliichukua bosi wangu wa kwanza, injinia Gasto, kijana mwenye viatu visivyoshika vumbi hata Singida. Mimi nikawa fundi wake wa kuvuta nyaya. Kwa kuwa kazi ilikuwa ndefu na nauli ya kutoka mjini ilinimaliza, Mama Hawa, mtunza nyumba, akaniambia, "Wewe mtoto, lala hapa kwangu. Chumba ni kidogo, lakini hata wewe si mkubwa."

Chumba chake kilikuwa uani, kimeegemea stoo ya mitambo. Kulikuwa na kitanda cha kamba, kabati lenye mlango mmoja, na pazia la maua lililokatiza katikati kutenganisha godoro langu na jiko lake la mkaa. Kilinukia mafuta ya alizeti na moshi. Asubuhi alinipa uji wa uwele kwenye kikombe cha bati, mzito kiasi cha kusimamisha kijiko. Mchana ugali wa mtama na mlenda uliotiwa karanga. Alikuwa akila polepole, akinitazama. "Kula, fundi. Waya hauvutwi na tumbo tupu." Kwa simu na dada yake alizungumza Kinyaturu, haraka haraka, na mimi nikijua nimetajwa kila aliposita na kucheka. Hata leo nikisikia mlenda unachemka, ule mlio wake mzito wa kupasua mapovu, naona pazia lile la maua.

Sasa nikueleze kile kioo. Kilikuwa ukutani sebuleni, ukubwa wa kitabu kilichofunguliwa, kikionyesha vitufe: taa, feni, geti, hita, pampu. Ukigusa kitufe cha pampu, kioo hakiwashi pampu. Hakina nguvu hizo. Kinachofanya ni kutuma amri kwenye boksi la stoo. Boksi linaamrisha swichi kubwa inayojivuta kwa umeme, ambayo sisi mafundi tunaiita kontakta. Na kontakta ikijivuta ndipo pampu ya kisimani inapata umeme. Kwa hiyo kati ya kidole chako na maji kuna wajumbe kadhaa, na kila mjumbe anaweza kulala njiani. Ndiyo maana niliweka waya mwembamba wa kurudi. Kontakta ikijivuta kweli, inagusisha kipande kidogo pembeni yake, na waya ule unarudisha habari kwenye kioo. Nilikipanga kitufe hivi: ukikigusa kinakuwa cha rangi ya chungwa, maana yake "nimetuma, sijajibiwa." Jibu likirudi kinakuwa kijani. Lisiporudi kinakuwa chekundu. Mama Hawa nilimweleza tukiwa tunapepeta ufuta, naye akaelewa kabla sijamaliza. "Ni kama hodi," alisema. "Anayebisha habishi na kujikaribisha mwenyewe. Anasubiri wa ndani." Sijawahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo, na nimefundisha watu wengi tangu hapo.

Siku ya kukabidhi, Mzee Kinu alikuja na rafiki zake. Aliketi kwenye kochi jipya ambalo bado lilikuwa na nailoni yake, akanyoosha mkono wa kulia kuelekea kioo. Mkono ule ulikuwa na vidole pungufu, nitakwambia vilikokwenda. Akabonyeza pampu. Kitufe kikawa cha chungwa. Akasubiri kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate, akabonyeza tena, na kwa kubonyeza tena akawa ameifuta amri yake mwenyewe. Kikarudi kijivu. Rafiki mmoja akakohoa. "Mbona inasita?" akauliza Mzee Kinu. "Nimenunua kitu cha kunisitia ndani ya nyumba yangu?"

"Inasubiri jibu la pampu, mzee," nikasema.

"Nani kakuuliza, dada?" Hakunitazama. Alikuwa akimtazama Gasto.

"Itarekebishwa sasa hivi, mzee wangu," akasema Gasto, tayari amefungua laptopu magotini. Nikamfuata hadi kwenye baraza na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba ukifanya kitufe kiwe kijani mara tu kinapoguswa, kijani hicho kitakuwa kinaeleza habari za kidole na si habari za pampu. Akacheka. "Eliza, mteja anataka kijani. Mpe kijani. Hii si mitihani ya chuo." Nikamwambia, "Siku pampu ikizima yenyewe, kioo kitaendelea kusema inafanya kazi." Akajibu, "Siku hiyo atatuita, na tutapata kazi nyingine." Alibonyeza mambo yake kwenye laptopu, akaingia ndani, na mara nikasikia sebuleni watu wakipiga makofi. Kijani kilikuwa kinakuja papo hapo. Mimi nilikwenda stoo nikauchomoa ule waya mwembamba, kwa kuwa aliniagiza nisiache kitu kisicho na kazi, lakini sikuukata. Niliuviringisha kama mkia wa mjusi nikaulaza chini ya boksi. Kwa nini makofi yale yananiudhi hadi leo? Kwa sababu walishangilia uongo kwa kuwa ulikuwa na haraka, na ukweli ulifukuzwa sebuleni kwa kosa la kuvuta pumzi.

Baadaye Gasto alinituma Rungwa, kule magharibi mwisho, kufunga umeme wa jua kwenye nyumba ya wafuga nyuki. Kule simu ilikuwa haishiki. Nilikuwa nakula asali na mkate mkavu, nikisikiliza wazee wakibishana ni mzinga upi una hasira, na sikujua kinachotokea Unyambwa. Niliyokuja kuyajua nilihadithiwa na Mama Hawa mwenyewe, na sina sababu ya kumtilia shaka hata neno moja.

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Mchana umeme ulikuwa mdogo, taa zinafifia, na mota yoyote inayolishwa umeme mdogo hulazimika kuvuta zaidi, ikapata joto. Karibu na kontakta kuna kinga inayoihurumia mota. Joto likizidi, inakata, na haiungi tena mpaka mtu aende aibonyeze kwa mkono. Ndicho kilichotokea. Kinga ilikata, kontakta ikaachia, pampu ikanyamaza. Kitufe kikabaki kijani. Mzee Kinu alikuwa Dodoma kwa biashara zake, na Gasto alikuwa amemwekea vitufe vilevile kwenye simu. Maji ya tenki yakapungua mpaka yakaisha. Mama Hawa akampigia.

"Baba, shikamoo. Maji hayapandi."

"Hayapandi vipi? Pampu inafanya kazi. Naiona hapa."

"Baba, mimi nimesimama chini ya tenki. Nimeligonga, linalia tupu."

"Na mimi nakwambia ni kijani. Tangu juzi ni kijani. Unataka kuniambia simu yangu inasema uongo?"

"Sisemi simu, baba. Nasema maji."

Msomaji, yapime mazungumzo hayo. Mmoja yuko chini ya tenki, amelishika kwa mkono wake. Mwingine yuko safari ya masaa mengi, amekaa hotelini. Nani kati yao ni shahidi? Mama Hawa alimpigia pia Gasto, naye bila kuinuka kwenye kiti chake ofisini alifungua laptopu, akaona kijani kilekile alichokipaka yeye mwenyewe, akamjibu, "Mama, mitambo ni mizima. Angalia nani anafungulia bomba la nje." Hapo ndipo sumu ilipoingia. Kwa maana kama pampu inafanya kazi mchana na usiku, na tenki ni tupu, maji yanakwenda wapi? Nje ya geti kulikuwa na bomba ambalo Mzee Kinu aliwaruhusu majirani wachote masika na kulifunga kiangazi, na barabarani vijana wa maguta, zile baiskeli za mizigo za matairi matatu, walipita na madumu yao wakitafuta maji ya kuuza mjini. Hesabu ya Mzee Kinu ikakamilika kichwani mwake. Hakuna aliyemwambia kwamba ameianza na namba ya uongo.

Nilirudi kutoka Rungwa na dumu dogo la asali nililomletea Mama Hawa. Niliposhuka kwenye bodaboda nilikuta watu getini: majirani, wafanyakazi wachache wa kinu, wapita njia waliosimamisha baiskeli. Mama Hawa alisimama katikati, mtandio umemteleza kichwani na hajaurudisha. Mzee Kinu alikuwa amerudi kutoka Dodoma. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nimelelewa sehemu ambayo mtu mzima anaweza kukuchapa akiwa ameitikia kwanza. Asipoitikia, ujue amekwisha kuwaondoa nyote kwenye hesabu ya watu.

"Huyu," alikuwa akisema, akimwonyesha kwa mkono ule wenye vidole pungufu, "nimemfungulia nyumba, nimempa ufunguo, naye anawauzia maji yangu watu wa maguta. Mwizi! Na ushahidi ninao hapa." Akainua simu juu, kioo kikiwaelekea watu, kama anayeonyesha picha ya mhalifu. Watu wakasogea kuangalia. "Kweli ni kijani," mmoja akasema, kwa sauti ya mtu aliyejionea.

"Baba," Mama Hawa akasema, "nenda kaguse bomba la kisimani. Kama lina baridi na linatetemeka, mimi ni mwizi. Gusa tu."

"Nikaguse nini, na mimi naona?"

Nilisema kwa sauti, "Mzee, hicho kitufe hakijui habari za pampu!" Akaniambia ninyamaze, mafundi na watumishi lao moja, kisha akapanda gari lake akaelekea kinuni, akimwachia Mama Hawa agizo la kutoka kabla yeye hajarudi. Watu wakatawanyika taratibu, wakigeuka nyuma. Yule wa kilemba cha bluu, ambaye nilikuja kumkuta Kintinku na sinia lake la mchele, alikuwa miongoni mwao. Alikuwa bado hana unene.

Chumbani Mama Hawa alikuwa akikunja nguo zake na kuzitia kwenye mfuko wa salfeti, taratibu, kona kwa kona, kama anayeziandaa kwa wageni. Pazia la maua alikuwa amekwisha kulishusha. Nikaweka dumu la asali chini. Sikujua pa kuanzia. Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyenieleza habari za hodi. Niambie. Nani kajibu kule ndani?" Nikaingia stoo. Boksi lilikuwa kimya, kontakta imelala, na kile kichwa kidogo cha kinga kimeruka nje kama ulimi. Pampu ilikuwa imekufa siku zote hizo. Nikaita, "Mama, njoo uone." Akaja, akaweka kiganja kwenye bomba. Lilikuwa na joto la jua, kavu. Alilia pale kwa mara ya kwanza, mkono ukiwa bado kwenye bomba.

Sikuigusa kinga. Niliiacha ilivyo, nikapanda bodaboda hadi kinuni. Sasa nikwambie habari za kinu kile, kwa sababu ndicho kiini cha hasira yangu. Mota ilikuwa chumba kimoja na mashine ya kukamulia chumba kingine, ukuta katikati, mkanda mrefu ukipita kwenye tundu la ukuta. Kelele ilikuwa ya kupasua masikio. Aliyekuwa kwenye mashine alipaza sauti, "Washa!" na wa kwenye mota aliwasha, akautazama mkanda mpaka uzunguke, ndipo akajibu, "Umeshika!" Kusimamisha hivyohivyo: "Simamisha!" na jibu, "Umesimama!" Mfanyakazi mgeni alifundishwa hilo kabla hajafundishwa kitu kingine chochote: usiujibie mkanda. Jibu ukiwa umeuona. Na aliyeiweka sheria hiyo ni Mzee Kinu mwenyewe. Katika ujana wake, kwenye kinu cha mtu mwingine, alipaza sauti "Simamisha!" na mvivu wa ng'ambo ya ukuta akamjibu "Umesimama!" bila kuinua shingo. Mkono ukaingia. Vidole vyake vilibaki kule, na kila mfanyakazi wake aliijua hadithi hiyo kwa sababu aliisimulia akiwa ameuinua mkono.

Nilimkuta kwenye mlango wa mashine, wafanyakazi wake wamemzunguka na magunia ya mbegu. Mmoja akanitania, "Dada fundi, umekuja kukamuliwa?" Wengine wakacheka. Nikasubiri wanyamaze, nikasema kwa sauti ya kushinda kelele, "Mzee, shikamoo. Nina swali moja. Hapa kinuni, mtu akijibu 'umeshika' kabla hajauangalia mkanda, unamfanya nini?"

"Anaondoka leo leo," akajibu, bila kufikiri, na wafanyakazi wakaitikia kwa vichwa.

"Basi nyumbani kwako kuna mmoja. Yuko ukutani sebuleni. Ukibonyeza tu, anakujibu umeshika. Hajawahi kuuona mkanda. Umemfukuza Mama Hawa, yeye umembakisha."

Wafanyakazi walikuwa wameacha kucheka. Mmoja wao aliyekuwa getini asubuhi ile alianza kuchezea kamba ya gunia. Mzee Kinu akauficha mkono wa kulia mfukoni. "Twende," akasema.

Nyumbani nilimwomba asimame sebuleni mbele ya kioo. Kitufe cha pampu kilikuwa kijani. Nikaenda stoo, nikazima swichi kuu ya pampu, ile ya kushika kwa mkono, kiasi kwamba hata malaika asingeweza kuiwasha. Nikarudi nikamwambia, "Zima, mzee." Akabonyeza, kikawa kijivu. "Washa." Akabonyeza. Kijani. Akanitazama. Akazima, akawasha tena. Kijani kizuri, cha kung'aa, cha pampu isiyo na umeme hata tone. Alirudia mara nyingi, kila mara akibonyeza kwa nguvu zaidi, kama anayemtikisa mtu aliyelala. Kisha nikampeleka stoo nikamwonyesha kinga iliyokata, na chini ya boksi nikamwonyesha waya wangu uliojiviringisha. Gasto, aliyeitwa kwa simu, alisema ni matatizo ya umeme wa Singida.

Sasa ndipo ninapokuomba, msomaji, ukasirike pamoja nami. Unafikiri alifanya nini? Alitoka mpaka mlango wa chumba cha Mama Hawa, akasimama kwenye kizingiti, akasema chini chini, "Basi, Mama Hawa. Rudisha vitu ndani. Mitambo hii ina mambo."

Mama Hawa alikuwa ameketi juu ya mfuko wake. "Baba," alisema, "mwizi uliniita wapi?"

"Yameisha hayo."

"Uliniita getini. Watu wote walisikia. Sasa unaniambia nirudi tukiwa hapa uani, mimi na wewe na mtoto huyu. Twende getini, baba. Sema palepale, kwa sauti ileile. Nitarudisha vitu mwenyewe, na jioni nitakupikia."

"Mwanamke, nimekwambia yameisha!"

"Hayajaisha. Yamezimwa upande wako tu."

Hakwenda getini. Mtu aliyewalazimisha watu wake wauangalie mkanda kabla ya kujibu, mtu aliyelipa sheria hiyo kwa nyama yake, alishindwa kutembea kutoka uani hadi getini kusema sentensi moja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kitufe. Kitufe hakina aibu, kilifanya alichoagizwa. Mama Hawa alibeba mfuko wake kichwani, akalichukua dumu la asali mkononi, akapita getini akiwa amenyooka, na majirani waliomwona walisadiki walichokwisha kusadiki: kafukuzwa. Alihamia Kintinku kwa binti yake. Mimi niliurudisha waya wangu mahali pake siku ileile, nikamwachia Mzee Kinu kitufe kinachosubiri, kisha nikamwachia Gasto kazi yake. Tangu wakati huo nimefunga vioo vingi Singida, Manyoni hadi Dodoma. Sikabidhi kazi mpaka nimewaita mwenye nyumba na wanaomfanyia kazi, wote pamoja sebuleni, nikazima swichi kuu mbele yao na kuwaonyesha kitufe kikikataa kuwa kijani. Wenye nyumba wengine huona ninapoteza muda. Wanaowafanyia kazi hunielewa mara moja.

Na hali haijawa nzuri, usidhani. Siku hizi vitufe vimehamia kwenye simu, na simu zimehamia mbali. Mtu yuko Dar es Salaam, ana pampu Ikungi, taa Iramba, geti sehemu nyingine, vyote kiganjani mwake, vyote kijani. Na kila siku kuna mtu chini ya tenki anayeambiwa kwamba anachokishika hakipo. Kwa nini anayeaminiwa ni yule aliye mbali zaidi na maji? Nimejiuliza hivyo miaka yote hii, na siku ile Kintinku nilijiuliza nikiwa na kitunguu mkononi na machozi ambayo hayakutokana na kitunguu.

Niliweka kisu chini. Nikasimama. Nikawaambia wale akina mama wa Unyambwa kila nilichokuambia wewe, kwa sauti ya getini, mpaka wanaume waliokuwa barazani wakageuza shingo na Hawa akatoka ndani akasimama mlangoni. Nilitaja stoo, kinga, waya, kinu, kidole cha Mzee Kinu kikibonyeza na kubonyeza. Nikamalizia, "Mama huyu hakuuza hata kikombe. Pampu ilikuwa imezima. Mzee Kinu aliliona hilo kwa macho yake, akanyamaza." Hawa aliegemea fremu ya mlango, akafunika uso kwa ncha ya kanga, akawa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeitikia.

Yule wa kilemba cha bluu ndiye aliyezungumza wa kwanza. Sinia lilikuwa bado magotini mwake. "Mwanangu," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo, "kijana wangu yuko Mwanza. Ameniwekea pampu ya kuwashwa na simu yake. Mwezi mzima huu ananipigia kuniuliza, mama, maji unampa nani? Nimemwapia mpaka nimechoka." Akalitazama sinia. "Sasa mimi nitajuaje kama kitu hicho kinasema kweli?"

Hakuna aliyecheka. Nilikaa karibu naye nikamwambia ninachokuambia wewe sasa. Chukua ile simu uliyoiweka kando. Kama uko mbali, mpigie aliyeko nyumbani, umwamkie kwanza. Mwombe azime swichi kuu ya pampu kwa mkono, ile ya ukutani. Kisha wewe kizime kitufe chako, ukiwashe tena. Kikigeuka kijani, usimuulize mtu maji yamekwenda wapi: mwite fundi aunganishe waya wa kurudi, na mpaka aunganishe, mwamini aliyesimama chini ya tenki.